Kidole Gumba Kwenye Tundu la Plagi

Mpwa wangu anaendesha bodaboda Makambako kwa mkataba. Utaratibu huo wengi wanaufahamu: mwenye chombo anapelekewa hesabu yake kila siku, na mkataba ukimalizika bila ugomvi pikipiki inakuwa ya dereva. Iwake isiwake, hesabu iko palepale. Ndiyo maana asubuhi moja ya Juni, alipopiga kiki mpaka jasho likamtoka katikati ya baridi, hakuwa na muda wa kukaa chini akafikiri. Aliisukuma hadi kwa fundi. Fundi akaitazama, akasema plagi. Plagi ikanunuliwa, haikuwaka. Akasema basi ni CDI, kile kisanduku kinachoratibu moto wa plagi. Nayo ikanunuliwa, injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Mwisho ikafungwa kabureta mpya, ile ya zamani ikatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Mpwa aliponipigia simu alikuwa ameshatumia hela ambayo ingelipa hesabu ya wiki nzima na chenji ikabaki.

Nikamwambia atoe plagi, azibe tundu lake kwa kidole gumba, kisha mwenzake apige kiki. Nikasikia mlio wa vyuma, halafu kimya.

"Mjomba, inapumua tu. Hainisukumi kidole."

Plagi haikuwa na kosa, wala CDI, wala kabureta. Vavu ilikuwa haifungi sawasawa kwa sababu tapeti zilikuwa zimebana. Fundi wa pili, mtaa wa nyuma, alizipima akazilegeza kwa spana na bisibisi, hakununua chochote, na pikipiki ikawaka. Malipo yake hayakufikia hata bei ya CDI ile. Hilo la malipo limenikera kuliko hasara yenyewe, na ndilo lililonirudisha kwenye miaka yangu ya Njombe.

Niliripoti kule kama bwana shamba mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilikabidhiwa ufunguo wa stoo, daftari la mashamba ya mfano, na Honda CG 125 iliyokuwa imeshapita kwenye mikono ya maofisa kadhaa. Ilikuwa ya pointi, kabla CDI hazijazagaa. Wajapani waliibuni CG katika miaka ya 1970 wakizifikiria nchi ambako watu hupakia mizigo kupita kiasi na kubadilisha oili siku wanapokumbuka. Vavu zake husukumwa na vijiti vinavyotoka chini, hakuna mnyororo wa kuzungusha kamushafti juu kichwani mwa injini, na cheni ya gurudumu la nyuma hufunikwa yote ndani ya kasha. Kwa barabara ya Lupembe wakati wa masika, kasha lile lilikuwa na thamani kuliko taa. Ila dhidi ya asubuhi za Njombe hawakutubunia kitu.

Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai ukungu hulala hadi jua limepanda, na mabondeni majani hukutwa meupe kwa umande ulioganda. Petroli haiungui ikiwa bado ni maji, mpaka igeuke mvuke, na kwenye baridi inakuwa mvivu kugeuka. Kazi ya choki ni kubana hewa ili ule mvuke kidogo unaopatikana utoshe kushika moto. Lakini kwenye kimo kile hewa yenyewe ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya Dar es Salaam inatoa petroli kupita hewa iliyopo, na plagi inageuka nyeusi tii kwa masizi. Alfajiri injini inataka petroli nyingi, injini ikishapata moto inataka kidogo, na wewe una mguu mmoja wa kupiga kiki na wakulima wanakusubiri Mtwango.

Nyuma ya soko palikuwa na fundi mzee aliyejifunzia kazi kwenye gereji ya misheni. Ukifika alikuwa anakusalimu kwanza, "Kamwene, bwana shamba," taratibu, kama vile pikipiki uliyoisukuma hadi hapo haimhusu. Halafu swali lake la kwanza halikuwa "ina nini?" Lilikuwa: "Mara ya mwisho ilipozimika, uliizima wewe au ilizima yenyewe?"

Ilinichukua muda kuelewa uzito wa swali lile. Pikipiki uliyoizima mwenyewe jioni ikiwa nzima, kisha asubuhi ikagoma, imeharibiwa na usiku: baridi, unyevu kwenye pointi, floti iliyovujisha petroli hadi injini ikafurika. Iliyozima yenyewe njiani ina habari nyingine kabisa. Kuna kitu kimekatika, kimeziba au kimekwisha. Kwa swali moja, bila kushika spana, alikuwa ameshaondoa nusu ya mambo ya kuhangaika nayo. Mpaka leo ninashangaa kuona vijana wakifungua boliti kabla ya kuuliza swali hata moja.

Baada ya hapo alitoa plagi na kuitazama. Kavu baada ya kupiga kiki nyingi: petroli haifiki, nenda kwenye koki, mpira wa mafuta na kabureta. Imelowa: petroli inafika lakini haiungui, nenda kwenye moto, au ujue imefurika. Kisha kidole gumba kwenye tundu. Injini yenye kompresheni hukisukuma kidole hata ukikaza. Mbovu hukipulizia tu. Mwisho alirudisha plagi kwenye kofia yake, akailaza juu ya chuma cha injini, akapiga kiki kwa mkono huku ameikingia jua kwa kofia yake ya kichwani ili aone cheche. "Kompresheni, moto, mafuta," alikuwa akisema. "Injini haina neno la nne." Baadaye nilisoma kwamba la nne lipo, nalo ni moto kuja kwa wakati wake. Lakini pikipiki iliyowaka jana, na usiku hakuna aliyeifungua, mara nyingi la nne halihusiki.

Alikuwa na mwiko mmoja, hakubadilisha vitu viwili kwa mpigo. Akisafisha pointi kwa msasa laini na kuzifuta kwa kitambaa chenye petroli, alifunika, akapiga kiki, akasubiri jibu. Siku moja nina haraka ya kwenda kwenye mkutano nikamwomba aweke na plagi mpya hapohapo. Akanitazama. "Ikiwaka, utaniambia kilichoiponya ni kipi?" Nikachelewa mkutano.

Kesi iliyonifundisha zaidi kuhusu asubuhi haikuwa ya chuma. Kwa kipindi kizima cha baridi Honda ile ilikuwa nzima mchana na mbovu alfajiri. Pointi safi, kompresheni ipo, cheche inaonekana, plagi imelowa. Fundi akachomoa mpira wa mafuta, akadondosha tone kwenye karatasi aliyochana kwenye daftari langu, na tone jingine kutoka kwenye chupa yake mwenyewe pembeni. Tukakaa. La kwake lilikauka likapotea. La kwangu liliacha doa la mafuta ambalo halikuondoka.

Vituo vya mafuta vilikuwa mjini. Ukishaingia vijijini ulinunua petroli dukani, kwenye chupa, iliyopimiwa na mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine, na mafuta ya taa yalikuwa bei nafuu kuliko petroli. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa yanahitaji kufika kama nyuzi 38 za joto kabla hayajaweza. Injini ikishapata moto huvimaliza vyote viwili, labda kwa moshi zaidi kidogo. Ikiwa baridi inapata ile sehemu ya petroli peke yake, na haitoshi. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa dukani, dalili ikaja kuonekana kwangu uani, na mtu mwenye kipuri cha kuuza angeniuzia kwa furaha.

Biashara ile ya kuchanganya ilikuja kuwa kero ya nchi nzima. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike yakipimwa, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Vinasaba ni kipimo, na kodi ilienda kwenye chanzo. Kama fundi wa pikipiki ningesema kazi imefanywa kwa mpangilio. Ila waliobeba uchungu wa dawa ile ni wale waliokuwa wakisomea kwa koroboi, ambao hawakuchanganya chochote.

Halafu kuna ugonjwa wa kuzima ikipata moto, ambao ninaweza kuuzungumzia usiku kucha. Nikiwa njiani kwenda Lupembe, baada ya mwendo fulani Honda ilianza kuishiwa nguvu, ikazima. Ukikaa ukingoni mwa shamba la chai ukapumzika, inawaka tena, unakwenda mwendo uleule, inazima. Fundi akauliza: "Inakata ghafla au inaishiwa?" Nikasema inaishiwa. "Basi ikizima tena, fungua mfuniko wa tangi, usikilize." Nilipofungua nikasikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio mwembamba. Tundu dogo la kupumulia kwenye mfuniko lilikuwa limezibwa na tope. Petroli ikishuka hewa haijazi nafasi iliyoachwa, tangi linaivuta petroli juu, na kabureta inakauka. Ukisubiri, hewa hupenya kidogokidogo na mambo yanakuwa sawa kwa muda. Waya mwembamba ulimaliza kazi.

Habari ile ilienea. Mwalimu mmoja wa jirani, ambaye pikipiki yake nayo ilikuwa ikizima ikipata moto na kuwaka ikipoa, akajitibu mwenyewe: akawa anaendesha mfuniko umelegezwa, petroli ikimrukia kwenye suruali, na bado inazima. Alipoulizwa lile swali akasema yake inakata ghafla, kama imezimwa na mtu. Fundi hakufungua kitu chochote pale gerejini, maana pale ilikuwa nzima. Alipanda nyuma ya mwalimu, wakaenda hadi ilipozima, na kabla haijapoa akachomoa plagi akatafuta cheche. Hakuna. Ilipopoa, cheche ikarudi. Ilikuwa koili: waya wake wa ndani ulikuwa umekatika mahali, ukipoa unagusana na ukipata joto unaachana.

Nimekuwa nikiyarudia mawili yale kichwani kwa miaka. Kupoa kunaponya tangi lililozibwa na koili iliyokatika kwa namna ileile, kwa hiyo kupona kwake hakukuambii chochote. Kinachotofautisha ni namna ilivyozima, na ushahidi wa kweli unapatikana ugonjwa ukiwepo, pale barabarani, mikono ikiungua. Ukiipeleka kwa fundi ikiwa imepoa unampelekea pikipiki nzima na hadithi. Mzee alimtoza mwalimu kwa saa alizopotea safarini, na mwalimu alilipa huku akinung'unika kwamba fundi "amepakiwa tu."

Cheche nayo hudanganya. Kulikuwa na pikipiki ya zahanati iliyogoma, na kila aliyepita alikuwa ameshatoa plagi akaona cheche, akatangaza kwamba moto upo na tatizo ni kabureta. Kabureta ilikuwa imefunguliwa na kufungwa hadi skrubu zake zikachakaa vichwa. Mzee alitoa mfukoni plagi kuukuu aliyoikata ule mdomo wa chini, ili cheche ilazimike kuruka mbali. Plagi ya kawaida ina mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7, na hapo nje, kwenye hewa ya kawaida, hata moto dhaifu unauruka. Ndani ya silinda ile hewa imebanwa hadi kiasi cha moja ya tisa ya ujazo wake, na hewa iliyobanwa ni ngumu zaidi kwa umeme kupenya. Moto wenye afya unapaswa kuruka milimita 6 ukiwa nje. Ule wa zahanati ulishindwa. Tatizo likawa kwenye waya mkubwa wa plagi, ambao mwisho wake ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya kofia. Akakata kipande kifupi, akaurudisha, akaukaza.

Watu waliokuwa wamesimama pale walikuwa wamepima kweli, hawakubahatisha. Walichokosea ni kupima mahali ambapo kazi ni nyepesi na kutoa hukumu juu ya mahali ambapo kazi ni nzito. Kwenye utumishi wa umma nimekutana na ripoti nyingi za namna hiyo.

Si kila kesi ilikuwa na falsafa. Mgeni mmoja wa mradi alikuja kijijini na Yamaha mpya kabisa, mkutano ulipokwisha ikagoma. Ikasukumwa kwenye mteremko, ikarudishwa, ikasukumwa tena. Watu wazima wakashauriana kwa sauti kubwa, mmoja wao akawa ameshapata spana na anaizunguka kabureta. Mvulana wa shule ya msingi aliyekuwa pembeni muda wote akasema kwa sauti ndogo kwamba wakati wa mkutano wenzake walikuwa wakicheza na "kile chekundu." Swichi ya kuzimia, pale kwenye usukani. Ikarudishwa, ikawaka. Koki iliyofungwa, swichi iliyozimwa, tangi tupu: kuvitazama ni bure, lakini mbele ya watu hakuna anayetaka kuulizwa kama tangi lake lina mafuta, wala anayetaka kuonekana akiuliza. Mvulana yule hakuwa na heshima ya kulinda.

Kuhusu tapeti, ambazo ndizo zilizomsumbua mpwa wangu, mzee alikuwa na kauli iliyowashangaza wengi: zinazolia ni salama kuliko zilizonyamaza. Kati ya vavu na kile kinachoisukuma panatakiwa nafasi ndogo. Kwa CG ni milimita 0.08, unene wa unywele. Vavu ikizidi kugonga kiti chake, mwaka hadi mwaka, hukila na kuzama humo, na shina lake hupanda juu taratibu likiimaliza ile nafasi. Siku nafasi inapokwisha vavu haifungi tena kabisa, kompresheni inavuja, kiki inakuwa nyepesi, na asubuhi ya baridi ndiyo ya kwanza kukuumbua. Wakati huo wote injini imekuwa ikizidi kuwa tulivu, na mwenye pikipiki amekuwa akifurahi. Madereva wa siku hizi hawapendi kelele ya tapeti. Wakiisikia wanamwambia fundi aikate, naye anazibana bila fila geji ya kupimia nafasi hadi kimya, anapokea hela yake. Ninashuku pikipiki ya mpwa wangu ilibanwa hivyo.

Sasa nirudi kwenye hela. Mzee wa Njombe alikuwa na bei mbili, ya kupima na ya kutengeneza. Ya kupima ulilipa hata kama mwisho wake ni swichi. Watu walinung'unika lakini walilipa, na sababu haikuwa ustaarabu wao. Vipuri vilikuwa adimu. Kondensa ilitoka Iringa au Mbeya, au ilisubiriwa hadi mtu aende Dar es Salaam, na ikija si yenyewe umepoteza wiki. Pikipiki nazo zilikuwa chache, za serikali, za misheni, za zahanati, na fundi aliifahamu kila moja kwa tabia zake. Uhaba ulimfanya kila mtu awe na hakika kabla ya kutuma hela.

Miaka michache kabla ya 2010 mambo yakageuka. Ziliingia SanLG, Fekon, T-Better, kisha Boxer na TVS zikatawala. Mwaka huohuo wa 2010 serikali ikatoa kanuni za kuzitambua pikipiki kama usafiri wa abiria wa kukodi. Nyingi za Kichina zilikuwa na injini iliyoigwa kwenye CG ileile, na nafuu yake niliipata hata mimi: vipuri vya Honda yangu vikawa vinauzwa kila kona. Sina ugomvi na hilo. Vijana wengi wamepata kazi, wagonjwa wamefika hospitali usiku. Lakini kipuri kilipokuwa rahisi, kupima kukawa ghali. Kubadilisha plagi kwa kubahatisha kunachukua dakika chache, na dereva anaona kitu kipya kinang'aa, anajua amelipia nini. Kupima kunachukua saa nzima na mwisho wake huenda ikawa kugeuza skrubu nusu mzunguko. Nani atalipa elfu kadhaa kwa nusu mzunguko? Fundi naye ana familia. Halipwi kwa kufikiri, analipwa kwa kubadilisha, na pengine duka la vipuri linampa chochote kwa kila anayempeleka. Tukiwaita mafundi wa siku hizi wababaishaji tunawaonea kidogo. Sisi wateja ndio tuliokataa kuilipia ile nusu ya kwanza ya kazi yao.

Na si kwenye pikipiki tu. Shambani nilipambana na jambo hilohilo kwa sura nyingine. Viazi mviringo vinaponyauka, mkulima hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na dawa ya ukungu, kwa sababu dawa ya ukungu ndiyo iliyoko rafuni. Kama ni mnyauko wa bakteria, dawa hiyo haina kazi hata akipulizia pipa zima. Kipimo chake ni glasi ya maji safi: kata shina karibu na ardhi, lining'inize ndani ya maji bila kulitikisa, subiri dakika chache, ikiwa ni bakteria utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka. Nilikuwa nikitembea na glasi kwenye mfuko wa Honda. Wakulima walifurahia mchezo ule, lakini nikiondoka wengi walinunua dawa vilevile, maana glasi ilikuwa imewapa habari mbaya bila kuwapa kitu cha kupulizia. Kung'oa mimea, kubadilisha shamba, kutafuta mbegu safi: hayo hayauzwi kwenye pakiti.

Hospitalini njia ilipatikana. Kwa muda mrefu homa yoyote ilipewa dawa ya malaria, mpaka vipimo vya haraka vya damu vikawa rahisi na vya bei ndogo, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Ona kilichobadilika hapo. Sidhani kama waganga waliamka siku moja wakiwa na busara zaidi. Kipimo kilipata umbo la kitu, kikawa na pakiti, na mgonjwa akakiona kwa macho kikifanyiwa kazi kwenye meza. Kwenye gereji za Makambako sijaona cha kufanana nacho. Kifaa cha kupimia kompresheni kipo, chenye saa yake na mpira wake, wala si cha bei ya kutisha, lakini fundi akikitumia hawezi kukitoza. Fundi yule wa mtaa wa nyuma nilimfuata baadaye nikamuuliza kwa nini hana bei ya kupima. Akacheka. "Mzee, nikisema kupima ni elfu tatu, wanakwenda kwa jirani anayepima bure." Jirani anayepima bure ndiye aliyemuuzia mpwa wangu kabureta.

Mwaka jana nilikuwa Dar es Salaam kwa mambo ya pensheni, nikapanda pikipiki ya umeme kwa mara ya kwanza. Haina kiki, haina plagi, haina choki, na kidole gumba changu hakina pa kuingia. Nikamuuliza kijana aliyenibeba, siku ikigoma anafanyaje. Akasema anapiga simu, wanakuja na kompyuta ndogo, wanachomeka waya chini ya kiti, inasoma yenyewe kosa liko wapi.

"Na kusoma tu, kabla hawajabadilisha kitu, wanakutoza?"

"Hiyo ndiyo wanayotoza kwanza, mzee. Usipolipa ya kusoma hawafungui hata boliti."

"Na unalipa?"

"Sasa nitafanyaje?" akasema, akakata kona kuingia Kariakoo.